Ganda la Sitini

Kuna watu ninaokutana nao hadi leo, kwenye treni ya Rashidiya mjini Dubai au nje ya msikiti siku ya Ijumaa, ambao hawalijui jina langu, ila wakiniona wanainamiana na kunong'onezana, na mimi najua wanachosema: ndiye huyu, yule wa risasi kwenye pilau. Sikatai. Ndiye mimi. Nimejaribu kuisimulia habari hii kwa namna ya kuchekesha (na ukiisimulia haraka inachekesha kweli), lakini kila nikifika katikati nakwama, kwa sababu katikati yake yuko mtu aliyefiwa na mama, na kitu kimoja tu alichotaka kumfanyia mama yake, mimi ndiye niliyekiharibu.

Nianze mwanzo, maana mimi ni mtu wa mpangilio.

Katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi nilikuwa nafanya kazi kwenye klabu moja ya kulenga shabaha, nje kidogo ya mji wa Dubai, kule ambako majengo yanaisha na mchanga unaanza. Cheo changu kwenye karatasi kilikuwa mhudumu wa uwanja, lakini kazi yenyewe ilikuwa ufagio. Wateja wanapiga bastola, maganda ya shaba yanaruka na kutawanyika sakafuni, mimi nafagia, natia kwenye ndoo, na ndoo zikijaa zinachukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Miaka mitatu nafagia. Nilifika mahali nikawa najua kwa sauti tu, ganda likigonga saruji, kama ni la bastola ndogo au kubwa (ujuzi ambao haujawahi kunisaidia popote, lakini nilikuwa nao na nilijivunia).

Kocha wetu alikuwa mtu wa Afrika Kusini, wa miraba minne, tukimwita Sir Deon. Kwao, alivyoniambia, wapiga shabaha hawatupi maganda. Mtu mwenye kibali ana meza yake nyumbani, analisafisha ganda, analipima, analijaza upya, na risasi iliyokwisha kupigwa inarudi kuwa risasi. Alikuwa anakaribia kustaafu na alitaka akirudi kwao afungue karakana ya kazi hiyo. Siku moja tunakunywa chai nyuma ya stoo akaniambia, "Wewe unahesabu vitu hata usipoambiwa. Nitahitaji mtu wa namna hiyo. Lakini mwanzo wa kazi hii ni kusafisha, na wengi wanashindwa hapo hapo."

Baruti hatukuigusa wala hakunifundisha, maana Dubai jambo hilo halina mzaha na yeye alikuwa mtu wa sheria. Alinipa darasa la nusu saa kila Jumapili ndani ya stoo, la maganda matupu tu, na mimi nikaandika kila neno kwenye daftari lenye jalada la bluu. Kanuni ya kwanza: hesabu kabla. Ya pili: hesabu baada. Ya tatu: nawa mikono kabla hujagusa uso wala chakula, kwa sababu ganda lililopigwa lina vumbi lenye sumu. Ya nne nikaipigia mstari mara mbili: chombo cha maganda kisiwe chombo cha chakula. Mwandiko wangu mwenyewe, wino mweusi. Ninalo hadi leo.

Sasa, Sir Deon akasema Jumapili itakayofuata atanipa maganda sitini nisafishe mbele yake. Mimi sikutaka kufika pale kama mwanafunzi, nilitaka nifike kama mtu aliyekwisha kufanya, anikute najua. Ndipo Jumanne jioni nikachota maganda sitini kwenye ndoo, nikayafunga kwenye soksi, soksi nikaitia ndani ya begi, nikatoka nayo getini bila kumwambia mtu. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo. Nilijiambia ni takataka, na kweli ilikuwa takataka, lakini si takataka ya mtu kupanda nayo treni katika mji ule.

Tulikuwa tunaishi watu wanane kwenye fleti ya vyumba viwili, jiko moja, wote wa kwetu Afrika Mashariki. Katika hao nitawataja wawili tu. Wa kwanza ni Twaha, mtu wa Mombasa, mpishi kwenye kantini ya wafanyakazi wa hoteli moja kule Marina, mkubwa wetu kwa umri na ndiye aliyekuwa akitupikia siku za sikukuu. Wa pili ni Wasswa, Mganda, Mkristo, mlinzi wa jengo, aliyeandika jina lake kwa rangi nyekundu kwenye kila alichonacho, sufuria, sahani, kikombe, hadi kijiko.

Jumatano nilikuwa na mapumziko ya ziada na fleti ilikuwa tupu. Nikaanza na sabuni kwenye ndoo, maganda yakabaki meusi vile vile. Nikaingia kwenye simu, nikaona jamaa anasema ya kwake aliyachemsha kwa maji, ndimu na chumvi yakang'aa. Nikahitaji sufuria. Za Wasswa zina jina, ya Twaha ina mchuzi, za wengine nikiona aibu kuzigusa, lakini juu ya kabati lilikuwepo lile sufuria kubwa tulilochangia kununua kwa ajili ya Idi, halina jina la mtu, na mimi akili yangu siku hiyo ikaniambia kwamba kisicho na jina la mtu hakimkosei mtu. Kanuni ya nne niliikumbuka. Naomba lieleweke hilo, sikusahau. Nilisema moyoni, mara moja tu, kisha nitalisugua.

Maji yakageuka rangi ya moshi na maganda yakatoka yanang'aa kama pete za arusi, nikafurahi peke yangu jikoni kama mtu aliyepata kazi mpya. Nikayatandaza kwenye sinia, nikaliweka juu ya friji yakauke kwa feni. Kando ya sinia yalikuwepo makopo ya viungo vya Twaha, iliki, karafuu, bizari, mdalasini, ambayo vifuniko vyake vilipotea zamani na hakuna aliyevitafuta. Jioni nikamimina maganda kwenye soksi huku nayahesabu. Hamsini na tisa. Nikahesabu tena. Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya friji, nikavuta jiko, nikaingiza kidole kwenye tundu la sinki. Mwisho nikaandika kwenye daftari: "59. Moja limepotea, huenda sinki." Hiyo huenda ndiyo iliyoniponza. Mtu wa kuhesabu hatakiwi kuandika huenda.

Alhamisi asubuhi simu ya Twaha ikalia akiwa tayari amevaa sare ya kazi. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, akakaa kitandani. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri, na angezikwa adhuhuri hiyo hiyo. Pasipoti ya Twaha ilikuwa ofisini kwa ajili ya kubadilisha viza, na ofisi ikamwambia haitoki kabla ya siku kumi. Alimpigia hadi arbab, mwajiri wake mwenyewe, yule bwana akampa pole vizuri sana, kwa heshima, kisha akamwambia khalas, basi, karatasi ziko serikalini, hakuna la kufanya. Twaha hakulia mbele yetu. Alibaki na ile sare nyeupe mchana kutwa, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni.

Jioni akatuambia, "Nataka n'msomee hitma hapa hapa, kesho. Na pilau n'tapika mwenyewe. Mtaani kwetu hakuna matanga mama hakupika. Mtu akifa, kabla hata sanda haijaja, yeye ashatoka na sufuria lake. Sasa leo wampikia watu wengine, mimi niko huku. Basi na mimi n'pike."

Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko kule, lakini wengi wanaingia zamu jioni na mabasi ya kampuni hayangoji mtu. Kwa hiyo Maalim Nassor, mzee wa Kizanzibari aliyekaa Rashidiya miaka mingi na ndiye aliyekuwa akitusomea, alikuwa na utaratibu wake kwa sisi wafanyakazi: baada ya alasiri Yasini, kisha chakula haraka haraka ili anayetoka kazini na njaa asisinzie, kisha dua kubwa ya mwisho, na wakati wa dua hiyo simu inawekwa katikati ili jamaa walioko nyumbani waitikie amina. Simu ya kawaida, ya kadi, maana zile za picha kule zilikuwa hazishiki. Twaha alinunua kadi tatu. Dada yake Mombasa alikuwa ameahidi kukusanya watu wa nyumba nzima. Hilo ndilo alilokuwa akilisubiri, aisikie nyumba yao inaitikia na yeye akiwa ndani yake.

Asubuhi ile nikamwona anapanda kiti, analishusha lile sufuria kubwa.

"Lete nikuoshee," nikasema.

"Mbona ni safi?"

"Lete tu, Twaha. Limekaa juu, lina vumbi."

"Mungu akulipe, ndugu yangu."

Nikaliosha mara nne. Kwa sabuni, kwa majivu ya mkaa wa shisha, kwa sabuni tena, kwa maji ya moto. Ningeweza kusema pale pale, tulikuwa wawili tu jikoni, ingekuwa aibu ya dakika moja na tungeazima sufuria jengo la pili. Lakini utamwambiaje mtu aliyefiwa kwamba umechemshia takataka za bastola kwenye chombo anachotaka kumpikia mama yake? Nikaona kumnyamazia ndiyo huruma. Kisha nikakaa jikoni namtazama anakaanga vitunguu hadi vikawa rangi ya kahawia iliyokolea, anatia nyama, anachota viungo kwa kiganja, kopo hili, kopo lile, bila kutazama, mkono unajua wenyewe. Mimi macho yalikuwa kwenye sufuria tu.

Walikuja watu kama thelathini, wamejaa vyumba viwili na ukumbini. Wasswa naye alikuja na shati jeupe, akakaa kimya wakati wa Yasini, mikono magotini. Masinia yakatoka, kila sinia watu watano. Mimi nilikuwa sinia moja na Maalim, Twaha, Wasswa na kijana mmoja wa Nairobi aliyekuwa dereva. Simu ilikuwa katikati ya mkeka, Twaha ameshapiga mapema kwa hofu ya laini kusumbua, na upande wa pili tukawa tunasikia watu wanaongea, viti vinavutwa, majogoo wanawika. Nikala matonge mawili ya kujilazimisha.

Wasswa ndiye aliyeacha kutafuna. Akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili, kwa adabu, akakiweka ukingoni mwa sinia akidhani ni mdalasini. Kikatoa sauti. Na mimi, ambaye najua sauti hiyo hata nikiwa usingizini, nikajua kabla sijatazama.

Yule dereva akainama. "Hiyo si mdalasini," akasema. "Hiyo ni ya risasi, buda."

Neno risasi lilipita kutoka chumba kimoja hadi kingine kwa kasi ambayo sijawahi kuiona habari ikipita nayo, na mimi huwa naangalia mambo hayo. Watu hawakupiga kelele. Walinyamaza, na katika ule ukimya unamsikia kila mmoja anaifikiria viza yake. Mmoja akasimama kunawa. Wa pili akasema, "Samahani, Twaha, basi langu," na basi lake lilikuwa bado saa nzima. Kisha macho yote yakamgeukia Wasswa, kwa kuwa ndiye mlinzi, na ni mdomoni mwake kilipotoka.

"Banange, jamani, mnaniangalia nini?" akasema. "Mimi ninalinda na tochi. Tochi na redio, na redio yenyewe betri imekufa. Risasi nitaitoa wapi, ssebo?"

Hakuna aliyecheka. Mtu kutoka mlangoni akasema polepole kwamba walinzi wanajuana wenyewe kwa wenyewe, na Wasswa akaanza kuinuka. Hapo nikasema, "Ni yangu."

Ningeishia hapo. Ningesema ni ganda tupu la kazini, lilianguka kwenye kopo la viungo, nisameheni. Ndiyo yaliyotokea, na huenda watu wangerudi kukaa. Lakini mimi nikianza kueleza naeleza kwa mpangilio, na nilikuwa na ile kanuni ya nne kooni tangu asubuhi. Nikaeleza klabu, nikaeleza Sir Deon, nikaeleza kwamba ganda tupu haliwezi kulipuka, nikaeleza soksi, ndimu na chumvi (nadhani nilitaja hata muda wa kuchemsha), nikafika kwenye sufuria.

"Sufuria gani?" Twaha akauliza.

"Hili. Lakini nimeliosha. Mara nne."

Maalim Nassor alikuwa na tonge karibu na mdomo. Akalirudisha kwenye sinia.

"Hebu n'fahamishe," akasema. "Hayo maganda yana uchafu gani?"

Na mimi nikasema ukweli. "Yana vumbi la sumu, Maalim. Ndiyo maana nimeliosha mara nne."

Nilidhani hesabu ile ingewatuliza. Ndipo waliposimama wote. Wapo waliokwenda chooni kutapika, wapo waliokimbilia ngazi bila viatu wakarudi kuvichukua. Maalim alijaribu kuwaita, "Kaeni, jamani, dua, dua kwanza," lakini nani atakaa? Na katika vurugu hiyo, pale mkekani, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye simu.

"Twaha? Kaka? Mbona mwatupa shughuli? Watu washakaa hapa. Dua yaanza lini?"

Twaha akaichukua simu. "Ngoja kidogo, dada," akasema. "Ngoja kidogo tu."

"Nimesikia mtu asema sumu. Sumu gani?"

Akawa anatafuta la kumjibu, na kadi ikaisha. Akakwangua ya pili, laini haikushika. Akakwangua ya tatu. Ilipokuja kushika, Maalim alikwishapelekwa nyumbani na mwanawe kwa sababu presha ilipanda, chumbani tulibaki watatu, na kule Mombasa dada yake akasema watu wamengoja wakaona haifai, wameomba dua wao wenyewe na wameshatawanyika.

Twaha alikata simu, akaenda jikoni akarudi na mifuko myeusi ya taka. Tulimimina sinia moja moja. Ile pilau ilikuwa bado inatoa moshi, na naapa sijawahi kunusa pilau nzuri kama ile. Wasswa alikamata mfuko, Twaha anamimina, mimi nafunga. Tukaishusha hadi kwenye pipa la barabarani, mifuko sita, jua bado lipo, watoto wa jengo wanatutazama.

"Mama hajapata kumwaga chakula," Twaha akasema. Hakunitazama. "Hata ukoko akiulowesha."

Tulipofika kwenye ngazi akauliza, "Yalikuwa mangapi, hayo maganda yako?"

"Sitini."

"Na sasa yako mangapi?"

"Sitini."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda.

Hakuna aliyeugua, hilo Mungu alitusitiri. Jumapili nikampelekea Sir Deon soksi yangu na nikamweleza yote, maana nilikuwa nimeshaanza kusema ukweli nikaona nimalize. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniomba daftari, akalifungua ukurasa wa kanuni, akaweka kidole kwenye ile mistari miwili ya wino mweusi, akanirudishia. Hakunisemea kwa wakubwa. Lakini darasa halikuendelea, na alipostaafu miezi michache baadaye aliondoka na kijana mwingine. Mimi nikabaki na ufagio, na nikaona ni haki.

Nilimwomba Twaha turudie hitma. Nikamwambia nitagharamia, nitaazima sufuria, nitawafuata watu mmoja mmoja. Akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, "Siku yake ishapita, ndugu yangu." Tuliendelea kuishi nyumba moja, tukisalimiana, tukipishana mlangoni. Vifuniko vya makopo nilivinunua vyote, vipya, na yeye akavitumia. Ila tangu siku ile, kila akipika, viungo alivimwaga kwanza kwenye sahani nyeupe akavipekua kwa kidole.

Mwaka uliofuata ndipo alipopata likizo. Unajua desturi yetu: mtu akienda nyumbani, kila mmoja anamletea mzigo wake ampelekee. Kitanda chake kikajaa, simu za watu, viatu vya watoto, maziwa ya unga, manukato. Mimi nilizunguka siku mbili nikiogopa. Mwisho nikanunua pakiti ya iliki, ile kubwa, imefungwa kiwandani, nikamwekea mkononi nikamwambia ni ya dada yake, ampe pole yangu kwa siku ile.

Twaha akaigeuza huku na huku. Kisha akaisogeza sikioni, akaitikisa, akasikiliza. Chumba kizima kilikuwa kinatazama, na mimi nilisimama pale nikangoja, kwa sababu nilistahili kungoja. Akaitikisa tena.

Akaitia ndani ya begi, chini kabisa, karibu na sanduku la manukato, akafunga zipu.

Sijaleta kitu cha kazini nyumbani tangu siku ile, hata kalamu. Na nikiwa na kosa la kusema, nalisema jikoni, kabla moto haujawashwa.